Nyumba Njema si Mlango: Utangulizi wa Sinema Bubu za Familia za Kitajiri

Dhifa imepamba moto. Wanawake wamevaa hariri na vito, nyumba inang'aa kwa taa, na katikati ya wageni mwanamke mmoja anavutwa pembeni akanong'onezwa jambo. Hatusikii kitu. Tunaona uso wake ukibadilika, kisha nguvu zikimwishia. Dola 10,000 za msaada wa wakimbizi, fedha alizokabidhiwa azitunze naye akazitia kwenye hisa bila kumwambia mumewe, zimepotea zote. Mwanamke huyo ni Edith Hardy, na filamu ni The Cheat, iliyotoka Marekani mwaka 1915. Maneno machache yaliyoandikwa kwenye skrini yanatutajia fedha. Mengine yote tunayasoma mwilini mwake.

Karibu katika uwanja huu, msomaji. Nakukaribisha kwa moyo mkunjufu kwa sababu najua wengi hupita mlangoni pake bila kubisha hodi. Wanadhani sinema bubu ni picha chakavu za watu wanaokimbizana na kuangukiana. Hizo zimo, na vichekesho vyake ni vizuri kweli, lakini nyumba hii ina chumba kingine ambacho wachache hukifungua: tamthilia nzito kuhusu familia tajiri zenye misukosuko. Humo yumo mume anayezama kazini hadi usiku na mke aliyechoka kumngoja. Yumo mama mwenye viwanda na mkwe anayeimezea mate mali yake. Yumo mtumishi anayejua kila siri wala haulizwi neno. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tamthilia hizi zinaishi kwa kuufungua mlango huo.

Tuanze na msingi. Sinema bubu ni filamu ambazo mkanda wake haukubeba sauti. Kipindi chake huhesabiwa tangu Desemba 1895, ndugu Lumière walipoonyesha picha zao mjini Paris kwa watu waliolipa kiingilio, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 kuthibitisha kwamba watazamaji wako tayari kulipia filamu inayoimba na kusema. Neno "bubu" lisikupotoshe. Ukumbi wenyewe ulikuwa na sauti tele: mpiga piano chini ya skrini, na katika majumba makubwa okestra kamili. Huko Japani kulikuwa na benshi, yaani msimulizi aliyekaa kando ya skrini akaeleza kisa na kuwasemea wahusika wote kwa sauti mbalimbali, na wengine walikuwa na sifa kuliko waigizaji. Ikiwa umewahi kukaa kwenye kibanda umiza ukamsikiliza DJ akiitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili chenye chumvi na pilipili, basi kazi ya benshi hutahitaji kuelezwa mara mbili. Nasi hatukuwa mbali na enzi hiyo: jumba la sinema la Royal lilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1921, filamu zikiwa bado hazijaanza kusema.

Yapo mambo matatu yatakayokutatiza mwanzoni, na ni afadhali tuyamalize sasa. La kwanza ni mwendo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Mkanda huo ukipitishwa kwenye mashine ya picha 24 kwa sekunde, kila mtu anaonekana ana haraka. Kosa hapo ni la mwonyeshaji. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo, utashangaa jinsi watu wale wanavyotembea kwa utulivu. La pili ni rangi. Filamu nyingi zilichovywa kwenye rangi: bluu kwa usiku, kaharabu kwa chumba chenye taa, nyekundu kwa moto. Ukiona sebule imegeuka bluu ghafla, mtu amezima taa. La tatu ni vibao vya maneno, yaani maandishi yanayokatiza picha ili kutupa mazungumzo au maelezo. Hapa nakuomba kitu kimoja. Usikae ukivingoja vibao hivyo kana kwamba ndiyo hadithi yenyewe. Watengenezaji bora walijitahidi kuvipunguza, na mara nyingi kibao husema jambo moja wakati uso unasema jingine.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe: kwa nini nyumba za matajiri?

Mwanzoni filamu nyingi zilikuwa za rili moja. Rili ni gurudumu linaloviringishiwa mkanda, na rili moja ya takriban mita 300 ilimalizika ndani ya dakika 10 hadi 15. Kwa muda huo unaweza kuonyesha utajiri, lakini huwezi kukaa ndani yake. Mfano mzuri ni A Corner in Wheat ya mwongozaji D. W. Griffith, ya mwaka 1909. Tajiri ananunua ngano yote sokoni na bei ya mkate inapanda. Griffith anaweka picha ya karamu ya tajiri yule, kisha picha ya maskini waliopanga foleni ya mkate, halafu anarudi kwenye karamu. Kubadilishana huku kwa sehemu mbili zinazotokea kwa wakati mmoja ndiko tunakoita uhariri sambamba, na kunapiga moyo kama kofi. Hata hivyo hatumjui tajiri yule nyumbani kwake. Hatujui anavyozungumza na mkewe wakiwa wawili.

Kati ya mwaka 1910 na 1915 filamu zilirefuka, kwanza Denmark na Italia, kisha kwingineko, hadi zikafika saa nzima na zaidi. Ndipo ikawezekana kuijua nyumba: mlango huu unatokea wapi, nani hulala chumba gani, ngazi zile hupandwa na nani na hushukwa na nani. Hapo ndipo penye kiini cha utangulizi huu, nami nakisema wazi ili ukibebe kote uendako. Kamera hainasi ila kinachoonekana. Katika nyumba ya tajiri, mali yote imewekwa ionekane, na tatizo limefichwa lisionekane. Kazi ya mtengenezaji ni kuilazimisha mali ilisaliti tatizo. Maskini akilia njaa, sahani tupu inatosha. Lakini utaonyeshaje ndoa iliyokufa ndani ya chumba kilichojaa maua, bila mtu kutamka neno?

Jibu la kwanza ni melodrama. Jina hili limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wimbo, kwa kuwa asili yake ni michezo ya jukwaani iliyosindikizwa na muziki. Leo watu hulitumia kama tusi, wakimaanisha kilio kilichozidi. Katika taaluma maana yake ni pana zaidi: melodrama ni tamthilia inayokipa kila kilichomo moyoni umbo la nje. Aibu inakuwa alama mwilini, deni linakuwa karatasi mkononi, usaliti unakuwa mlango uliosahauliwa wazi.

Jibu la pili ni vitu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengine hawana. Umekulia kwenye utamaduni ambamo mwanamke anaweza kuvaa kanga, akapita mbele ya mke mwenzake, na ugomvi mzima ukasemwa bila mdomo kufunguliwa. Aliyelengwa ameelewa, waliokaa barazani wameelewa, na mvaaji anaweza kukana yote: nguo tu hii. Hivyo ndivyo vitu vinavyofanya kazi katika tamthilia hizi. Barua, kipepeo cha mkononi, ufunguo, hundi, gauni jipya: kila kimoja ni fumbo linalosubiri mwenye kulifumbua.

Turudi kwa Edith Hardy tuangalie kitu kimoja kwa karibu. Mwongozaji Cecil B. DeMille anatufungulia filamu gizani. Mfanyabiashara tajiri, Hishuru Tori, ameketi mbele ya chetezo chenye makaa, anachukua chuma cha moto na kukikandamiza chini ya kinyago kidogo cha pembe. Ni chapa yake: kila anachokimiliki hukitia alama. Baadaye anamwonyesha Edith chapa hiyo nyumbani kwake, kwa upole, kama mwenyeji anayemburudisha mgeni. Edith anatabasamu. Sisi tumeshaanza kuogopa. Fedha za msaada zinapopotea, Tori anamkopesha, naye Edith anajua malipo yanayodaiwa si fedha. Mumewe, ambaye ni mfanyabiashara wa hisa, anafanikiwa ghafla, Edith anaomba hundi ya dola 10,000 kwa uongo na kukimbilia kulipa, lakini Tori anaikataa. Wanavutana, na chuma kile kinatua begani pa Edith. Anampiga Tori risasi. Mume anafika, anajitwika kosa, anashtakiwa, na mahakamani Edith anashusha gauni bega lionekane.

Nimewaonyesha wanafunzi sehemu hii mara nyingi. Huanza kwa kucheka nguo na vipodozi, na chuma kinapoinuliwa kutoka kwenye makaa darasa linanyamaza. Swali ninalowauliza baadaye ni moja tu: chapa ile ilianza lini? Wengi husema begani. Wachache hukumbuka kinyago. Kisha mmoja hukumbuka kwamba tangu mwanzo Edith mwenyewe alikuwa akihesabu watu na mapenzi kwa bei, na mumewe vilevile. Chuma cha Tori kinasema kwa ukatili kile ambacho nyumba ya kina Hardy ilikisema kwa adabu.

Tazama pia mwanga. DeMille na mpiga picha wake Alvin Wyckoff waliacha desturi ya kuangaza seti yote sawasawa. Waliangaza upande mmoja, sehemu kubwa ya fremu wakaiacha giza. Fremu ni ule mstatili wa picha tunaouona. Mume anapofika kwa Tori, anakiona kwanza kivuli kwenye ukuta wa karatasi, kisha damu ikipenya kwenye karatasi ile. Hajaingia, na ameshajua. Gerezani, vivuli vya nondo vinaangukia sakafuni na kwenye miili ya watu. Huhitaji kibao kukwambia nani amefungwa.

Lakini siwezi kukupa filamu hii mkononi bila kukueleza uchungu uliomo. Tori aliigizwa na Sessue Hayakawa, mzaliwa wa Japani, na hadithi imejengwa juu ya hofu ya Wazungu wa Marekani kwa watu wa Asia. Umati mahakamani unataka kumrarua, na filamu inataka tuufurahie. Wajapani waliokuwa Marekani walilalamika, na ilipotolewa tena mwaka 1918 mhusika alibadilishwa jina akafanywa Mburma, kana kwamba dharau ikihamishiwa jirani inakwisha. Hapohapo Hayakawa aliigiza kwa utulivu ambao uliwaduwaza watazamaji. Wenzake wakirusha mikono, yeye anageuza macho tu. Nchini Ufaransa mwandishi Colette aliisifu filamu hii mwaka 1916, naye Hayakawa akawa nyota mkubwa. Mambo haya mawili, ubaguzi na umahiri, yamo kwenye picha ileile. Nakushauri uyaone yote mawili, usiliache moja likufiche jingine.

Sasa nikupeleke kwa mwongozaji ninayempenda kuliko wote katika uwanja huu. Yevgeni Bauer alisomea sanaa mjini Moscow na alikuwa mpambaji wa majukwaa kabla ya kuanza kuongoza filamu mwaka 1913. Alifariki mwaka 1917, miezi michache kabla ya mapinduzi ya Oktoba nchini Urusi. Katika miaka hiyo michache alitengeneza filamu nyingi ajabu, na karibu kila moja ina nyumba yenye nguzo, mapazia, mimea, ngazi na vyumba vinavyofuatana hadi mbali.

Ili umwelewe Bauer unahitaji dhana moja ngumu kidogo, nayo ni upangaji wa kina. Marekani wakati ule ilikuwa inaelekea kwenye kukata picha vipande vipande: uso, mkono, mlango. Waongozaji wengi wa Ulaya walifanya kinyume. Waliiacha kamera itazame chumba chote kwa muda mrefu, wakawapanga waigizaji mbele, katikati na nyuma, ili jicho la mtazamaji ndilo litembee. Mara ya kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Subiri. Mbele wanandoa wanapokea pongezi. Nyuma kabisa, kati ya nguzo mbili, mtu amesimama akiwatazama. Ukikiona kile kilicho nyuma, umeingia ndani ya nyumba.

Filamu yake Zhizn za zhizn, yaani "Uhai kwa Uhai", ya mwaka 1916, ndiyo mlango mzuri. Bibi Khromova ni mjane mwenye viwanda na mamilioni. Ana mabinti wawili: Musya aliyemzaa na Nata aliyemlea, anayeigizwa na Vera Kholodnaya, nyota mkubwa wa Urusi ya wakati ule. Kabaila Bartinsky, mwenye cheo na madeni, anampenda Nata lakini anamwoa Musya kwa ajili ya mali. Nata anaolewa na mfanyabiashara. Kuanzia hapo watu wanne wanaishi wakikutana kwenye kumbi zilezile, na macho yanafanya kazi yote. Bartinsky anafuja mali, anafikia kughushi hati, polisi wako njiani. Khromova anampa bastola ajiue kiungwana. Anakataa. Basi mama mkwe anamuua kwa mkono wake, ionekane kuwa amejiua. Mwangalie Olga Rakhmanova katika nafasi hiyo ya mama. Ndiye aliyeijenga nyumba, na ndiye anayejua kwamba kuilinda kumemgharimu roho yake.

Mwisho huo mzito haukuwa wa bahati mbaya. Watazamaji wa Urusi walijulikana kwa kupenda mwisho wa msiba, kiasi kwamba filamu fulani zilitengenezewa miisho miwili, wa huzuni kwa Warusi na wa heri kwa soko la nje. Ukikutana na nakala inayomalizika kwa furaha isiyoeleweka, jiulize ilikatwa kwa ajili ya nani.

Na usikose Nemye svideteli, "Mashahidi Bubu", ya mwaka 1914. Nastya, mjukuu wa bawabu, anaingia kazi ya ndani kwa matajiri, kijana wa nyumba anamlaghai kisha anamwacha. Bauer anatuonyesha jengo kutoka upande wa watumishi: mlango wa chini, ngazi, mahali pa kungojea. Wao ndio mashahidi wa jina la filamu. Wameona kila kitu, na hakuna atakayewaita kutoa ushahidi.

Ukishaizoea lugha hii, utafurahia wale walioifanya nyepesi. Mwaka 1925 Ernst Lubitsch alitengeneza Lady Windermere's Fan kutokana na mchezo wa Oscar Wilde, mwandishi aliyesifika kwa maneno yake ya kukata. Lubitsch aliyaacha maneno hayo yote maarufu, jambo lililoonekana ni wazimu. Mahali pake aliweka macho. Kwenye mashindano ya farasi, mwanamke mwenye sifa mbaya anakaa jukwaani, na darubini za watu wa heshima zinaacha farasi na kumgeukia yeye, moja baada ya nyingine. Umbea wa mji mzima, na hakuna aliyefungua mdomo.

Lois Weber, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Marekani wa enzi hiyo, aliligeuza jicho upande wa pili wa ua. Katika The Blot ya mwaka 1921, familia ya profesa mwenye mshahara mdogo inaishi jirani na mtengeneza viatu aliyetajirika. Zulia la profesa limechakaa, kiti kimetoboka, na binti yake ni mgonjwa. Dirishani kwa jirani kuna kuku. Weber anaiacha kamera ikae na mama yule, mwanamke wa heshima zake, akimtazama kuku wa watu. Ninaijua filamu hii vizuri na bado kila mara mkono wake unaponyooka nashindwa kuvumilia.

Huzuni moja utaizoea: sehemu kubwa ya sinema hii imepotea. Mkanda ulitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayoshika moto upesi na kuoza yenyewe, na kampuni nyingi ziliyeyusha mikanda ili kupata fedha iliyomo, yaani madini. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zimebaki katika umbo lake la asili. Lakini nyingine bado zinagunduliwa. Mwaka 1978, mjini Dawson City, Kanada, rili zaidi ya 500 zilifukuliwa ardhini zilikofukiwa kujazia bwawa la kuogelea. Na filamu za Bauer, zilizokaa kimya ghalani kwa miongo mingi, ziliwashangaza wataalamu zilipoonyeshwa kwenye tamasha la sinema bubu la Pordenone, Italia, mwaka 1989.

Kwa hiyo anza hivi. Tazama The Cheat kwanza, ni ya saa moja hivi, halafu The Blot. Tazama kila moja mara mbili, ya pili ukiwa umezima muziki, ukifuata milango tu: nani anafungua, nani anafungiwa. Kisha nenda kwa Bauer, na umalizie na Ditya bolshogo goroda, "Mtoto wa Jiji Kubwa", ya mwaka 1914. Humo mshonaji maskini anaokotwa na kijana tajiri, anaizoea anasa, anamfilisi na kumwacha. Kijana anajiua kwenye ngazi za nyumba mpya ya mwanamke huyo. Mlango unafunguka, mwanamke anatoka amependeza, yuko njiani kwenda mkahawani. Anauona mwili. Anasita kidogo. Kisha anauruka.